Kabla ya Kugusa Bega

Kwa Bi Vikombe hakuna mtu aliyeguswa bega kabla ya kutoa ulimi. Uwe mkurugenzi, uwe mchuuzi, ulikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, ukafumbua kinywa na kuutoa ulimi wote mpaka ukakaribia kidevu, naye akainama kuutazama kama mtu anayesoma saa ya ukutani kutoka mbali. Baada ya ulimi alishika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Baada ya mapigo yakaja maswali. Kuangalia, kusikiliza, kuuliza, ndipo kugusa: hivyo ndivyo alivyofundishwa na Wachina waliompa ujuzi wake, na hivyo ndivyo alivyomfundisha Kimya.

"Mkono una haraka," alikuwa akisema. "Ukiuacha utangulie, utatibu kile ulichokuja nacho wewe kutoka nyumbani, siyo kile alichokuja nacho mgonjwa."

Laiti Kimya angeyakumbuka maneno hayo siku moja tu, ile iliyoyahitaji.

Kimya lilikuwa jina alilobandikwa shuleni, likamganda. Alikuwa msichana wa kutazama chini, wa kusema "hamna shida" hata akikanyagwa. Chuoni alisomea tiba ya viungo, na alipomaliza akaenda kwa Bi Vikombe kujifunza ile ya Kichina: vikombe vya kioo vinavyonyonya ngozi, sindano nyembamba kama unywele, kipande cha pembe cha kukwangulia shingo iliyokakamaa, na majani makavu yanayofukizwa karibu na ngozi mpaka chumba kizima kinanuka kama shamba lililochomwa. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mtu aliyechorwa mistari na nukta toka utosini hadi kisigino. Wagonjwa waliizoea mpaka wengine wakawa wanaisalimia.

Ajabu ni kwamba kwenye kigoda kile haya zote zilimtoka. Maswali hayakuwa yake. Aliyakuta, kwa hiyo hakuyaonea aibu.

"Mabega yameanza kuuma lini?" alimuuliza siku moja dereva wa lori, mtu mwenye shingo nene kama gogo.

"Tangu nioe."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sikuwa na mabega, dada, nilikuwa kijana tu."

"Vidole vinakufa ganzi? Unaangusha vitu?"

"Siangushi. Labda mke wangu niangushe, lakini ananizidi kilo."

Kimya alicheka kwa pua, akafunika mdomo kwa mkono, lakini akangoja jibu la kweli. Na alilipata. Siku zote alikuwa akilipata.

Mama yake alikuwa fundi wa cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishonea sebuleni. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, nguo za watu zilining'inia kwenye misumari nyuma yake, na kochi la wageni nusu yake ilikuwa ya vitambaa, hivyo mgeni alikaa upande mmoja kama abiria. Kimya alilelewa na mlio wa mashine ile. Alikuwa akilala nayo ikiguruma, akiamka nayo ikiguruma, na ikinyamaza ndipo alipokuwa akishtuka.

Kushona huko kote kulimkaa Mama shingoni. Ukimwita kutoka nyuma aligeuka mwili mzima, kama kabati linalosogezwa. Asubuhi alisimama mlangoni mwa jikoni akijikanda bega la kulia kwa mkono wa kushoto, macho ameyafumba, na akihisi kuna mtu anamwona aliushusha mkono haraka akajifanya anaweka sawa kanga.

Mama mdogo, ndugu wa Mama wa tumbo moja, aliishi nyumba ya pili na alishinda kwao zaidi kuliko kwake. Mdomo wake haukuwa na likizo.

"Nyumba ya sindano hii," alikuwa akisema. "Mama anachoma nguo, mtoto anachoma watu. Afadhali hata nguo, hazipigi kelele."

"Watu wenyewe hawapigi kelele, Mama mdogo. Sindano zetu haziumi."

"Haziumi. Basi chuo chote kile ulikwenda kusomea sindano zisizouma. Si bora ungebaki hapa ukafundishwa bure na dada yangu?"

Ulikuwa utani, na Kimya alijua ni utani. Lakini kila alipotaniwa hivyo alitazama chini, na maneno yalibaki naye mpaka kitandani. Alitamani siku moja waone. Hakutaka sifa, alitaka tu Mama mdogo anyamaze kidogo, na Mama aseme kwa sauti ile anayosemea juu ya nguo iliyomkaa mtu vizuri: "Hapo sasa."

Nafasi ikaja na mapazia.

Nyuma ya posta palikuwa pamejengwa ukumbi mpya wa mikutano, na wenye ukumbi walitaka mapazia ya madirisha yote: kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, chenye bitana, cha kuburuta mpaka sakafuni. Walimletea Mama kipande cha mfano. Alikipima uzito mkononi, akakiweka juu ya kochi.

"Nafikiri nitawaambia hapana," alisema jioni ile. "Shingo hii haitaki. Kitambaa hiki ukikivuta chini ya mashine ni kama unavuta ng'ombe. Nataka nipumzike kidogo, nishone vitu vyepesi vyepesi, visketi vya watoto, niuone mwaka unaishaje."

"Usiwajibu kwanza, Mama," alisema Kimya. "Nipe mimi hiyo shingo."

Mama mdogo alikuwepo, kwenye nusu yake ya kochi. "Haya, fundi mpe fundi," alisema.

Kimya alileta vikombe kwenye kikapu, amevifunga kwa taulo. Alipanga pamba, spiriti na kiberiti juu ya meza ya kukatia. Alimkalisha Mama kwenye stuli ya cherehani, akapiga magoti mbele yake kama alivyofanya kwa kila mtu.

"Haya Mama. Toa ulimi."

"Nitoe nini?"

"Ulimi. Huwa tunauangalia kwanza."

Mama alimtazama, akamtazama na dada yake. "Mimi nikutolee wewe ulimi? Si mimi huyu niliyekufinya kwa kumtolea ulimi mwalimu wako?"

Mama mdogo aliangua kicheko. "Mtolee, dada. Alikutolea vya kutosha alipokuwa mdogo, mlipe."

"Mtu mzima kama mimi nitoe ulimi kama nimerukwa na akili. Hapana. Mgongo chukua, shingo chukua, ulimi niachie mwenyewe."

Wote watatu walicheka, na katika kicheko kile Kimya akainuka, akapita nyuma ya Mama. Ilikuwa rahisi hivyo. Angeweza kusisitiza, kwa mkurugenzi angesisitiza. Angeweza kuacha ulimi akauliza maswali tu. Lakini maswali ambayo kwa watu wengine yalimtoka kama maji, kwa Mama yalikuwa yamekwama kooni. Umpigie mama yako magoti umhoji kama karani: unalala vipi, choo unapata, mkono una nguvu? Tena mbele ya Mama mdogo? Na zaidi ya haya, alidhani anajua. Alikuwa ameishi nyumba moja na shingo ile tangu azaliwe. Kipi tena cha kuuliza?

Basi mkono ukatangulia.

Na ulifanya kazi vizuri, hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alipaka mafuta. Alikuta chini ya ngozi vifundo vigumu kama punje za mahindi mabichi, akavikanda kimoja kimoja mpaka Mama akaguna. Aliwasha pamba, akaingiza moto ndani ya kikombe na kuutoa, akakibandika kikombe begani, na ngozi ikavimba ndani ya kioo kama mkate unaoumuka. Mama mdogo alisogea karibu, mdomo wazi, bila la kusema. Vikombe vilipobanduliwa viliacha duara za zambarau zilizopangana toka shingoni hadi kwenye bega.

"Umemgonga dada yangu mihuri," alinong'ona Mama mdogo. "Sasa akienda popote watajua ametoka wapi."

Asubuhi Kimya aliamshwa na sauti ya Mama ikimwita. Alimkuta amesimama katikati ya sebule, anageuza kichwa kulia, anakigeuza kushoto, mabega yametulia pale pale.

"Hapo sasa," alisema Mama.

Kimya aliingia jikoni akajifungia, akalia kidogo kwa furaha, akanawa uso. Siku hiyo hiyo Mama alituma ujumbe ukumbini kwamba mapazia atashona.

Kila mwisho wa juma ikawa hivyo. Mchana Mama alivuta kile kitambaa kizito chini ya mashine, na maumivu yaliporudi Kimya aliyafukuza kwa vikombe, kwa sindano, kwa kipande cha pembe. Mama mdogo aliacha utani, akaanza kuleta goti lake. Majirani walipita kuchungulia mihuri. "Mwanangu huyu," Mama alikuwa akiwaambia, "ana mikono." Na Kimya, akitazama chini, alivimba kichwa kimya kimya.

Mambo mengine aliyaona, lakini akayapa majina mepesi. Mama alianza kumwomba amtungie uzi kwenye sindano. Kimya akasema macho, na akaahidi kumpeleka akapimwe miwani. Mama aliacha kuvaa blauzi zake za vifungo, akawa anavaa magauni ya kupitisha kichwani. Kimya akasema joto. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka kikavunjika, naye akacheka akasema siku hizi vikombe vinatengenezwa vyepesi. Kimya akafagia vipande.

Na kuna jioni moja. Mama alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, sindano zimesimama mabegani, Kimya amekaa kando yake akisikiliza pumzi yake inavyozidi kuwa ndefu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi nzuri. Mama alisema, uso umo ndani ya mto:

"Huu mkono wangu wa kulia, unajua, saa nyingine..."

"Shhh. Tulia, Mama. Ukiongea misuli inakaza."

Mama akatulia.

Ilikuwa wiki chache baadaye, saa za kabla ya chakula cha mchana, ndipo mama mmoja mpiga chapa alipoketi kwenye kigoda karibu na dirisha. Alitoa ulimi bila ubishi. Kimya akamuuliza maswali, na yule mama alijibu akichezea mkanda wa mkoba wake.

"Vidole vinakufa ganzi?"

"Hivi viwili, na gumba. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu."

"Unaangusha vitu?"

"Ndiyo, tena bila kujua. Kikombe nakiona kiko chini ndiyo najua nimekiachia. Na vifungo, dada. Vifungo siku hizi vinanishinda, navaa magauni ya kuvuta tu."

Bi Vikombe, aliyekuwa akifuta vioo upande wa pili, aliweka taulo chini. Alimsogelea yule mama, akampa vidole vyake viwili. "Nibane. Kwa nguvu zako zote." Kisha akavichomoa kwa urahisi, kana kwamba vilikuwa vimeshikwa na mtoto mchanga.

"Huyu hatumgusi," alimwambia Kimya kwa upole. "Huu si msuli. Kuna mshipa wa fahamu umebanwa kwenye pingili za shingo. Tukimpoza maumivu atajiona mzima, ataendelea na kazi, na mshipa utazidi kufa. Aende hospitali leo, si kesho."

Kimya alisikia maneno hadi "atajiona mzima". Mengine yalimpita. Alivua aproni, akaitundika, ikaanguka, akaiacha pale chini, akatoka.

Alifika nyumbani, mashine haigurumi. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameinama juu ya meza ya kukatia, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kimetandazwa, anakata kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulikuwa wa mkono wa kulia, hivyo ulitafuna badala ya kukata, na ukingo ulitoka na meno meno. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya kitambaa kama kitu alichokuwa ametumia kukandamizia.

"Mbona mapema?" Mama alisema, na haraka akauhamishia mkasi mkono wa kulia. Mkasi haukukaa. Ulianguka kati yao.

Kimya hakuuokota. Alishika ule mkono wa kulia. Kati ya gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo panatakiwa pawe na kilima kidogo cha nyama, palikuwa na bonde. Alikuwa amepitisha mikono yake juu ya mabega ya Mama mwisho wa juma baada ya mwisho wa juma, na kiganja hakuwahi kukifungua.

"Nibane, Mama."

Mama akambana. Ilikuwa kama kushikwa na kitambaa.

"Tangu lini?"

"Ilianza kabla ya mapazia. Kidogo kidogo tu. Ndiyo maana nilitaka kuyakataa."

"Mbona hukusema?"

Mama alitazama dirishani. "Ulikuwa umefurahi," alisema. "Tangu utoke chuo sikuwahi kukuona hivyo. Unaingia mlangoni umenyoosha shingo kama bibi arusi. Nikasema vidole vitapona vyenyewe, siyo vya kumharibia mtoto."

Kimya alingoja amalizie. Alingoja aseme: na siku moja nilikwambia, ukaninyamazisha. Ilikuwa haki yake kulisema neno hilo, na Kimya alilitaka, kama mtu anavyotaka kofi limpate ili yaishe. Mama hakulisema. Aliinama, akaokota mkasi kwa mkono wa kushoto, akaufuta kwa gauni.

"Nenda kaoshe uso," alisema. "Halafu tuondoke."

Hospitali walipiga picha, na daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, aliiinua kwenye mwanga. Akawaonyesha mahali ambapo mshipa ulitoka kati ya pingili ukiwa umebanwa kama uzi ulionaswa mlangoni. Alisema watafungua, watauachia nafasi. Alisema maumivu yataisha. Kuhusu mkono alisema mshipa uliobanwa muda mrefu haurudi wote. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama kuna matibabu yoyote aliyokuwa akipata, na Mama akajibu kabla Kimya hajafungua kinywa:

"Nilikuwa nakandwa nyumbani. Ilinisaidia sana."

Mapazia yalimaliziwa na fundi mwanamume wa ng'ambo ya barabara. Siku yalipotundikwa Mama mdogo alikwenda kuyaona, akarudi akasema yamependeza, lakini yale ya dada yake ndiyo yaliyonyooka. Hakutania chochote. Kimya alitamani atanie. Alitamani amwambie, umeona sasa sindano zako zisizouma. Mama mdogo alimwekea chakula mbele yake, akakaa naye mpaka akala.

Bi Vikombe naye hakumfukuza.

"Ungeniletea mimi," alisema.

"Alikuwa mama yangu."

"Ndiyo maana ungeniletea."

Kisha akamkabidhi aproni ile ile, imefuliwa na kukunjwa.

Kidonda cha shingoni kilipona, kikaacha mstari mwembamba, ulionyooka kuliko mshono wowote. Mkono ulirudi nusu. Mama aliweza kushika kijiko, kusukuma mlango, kumshika Kimya bega wanapovuka barabara. Sindano hakuweza. Cherehani ilikaa chini ya dirisha imefunikwa kitambaa, na Kimya alishindwa kulala kwa jinsi nyumba ilivyokuwa imetulia.

Jumapili moja alasiri alikuwa anakunja nguo kwenye kochi, ambalo sasa lilikuwa kochi zima. Mama alitoka chumbani na stuli, akaiburuta mpaka kwenye mwanga wa dirisha.

"Mabega yamekaza," alisema. "Daktari alisema mabegani panaruhusiwa kukandwa, mradi shingo isiguswe. Kalete mafuta yako."

"Mama, siwezi."

"Hujaulizwa kama unaweza. Kalete."

Alikwenda, akarudi na chupa, akasimama nyuma ya Mama. Aliutazama ule mstari mwembamba. Mikono haikuinuka.

"Siyo huko," alisema Mama. "Njoo huku mbele."

Kimya akazunguka, akapiga magoti. Mama alitazama mlango kuhakikisha Mama mdogo hayupo. Alijiweka sawa, mikono juu ya mapaja, wa kulia chini ya wa kushoto. Kisha akafumba macho kama mtoto anayesubiri dawa chungu, akafumbua kinywa, akatoa ulimi.

Ulikuwa umepauka, na pembeni una alama za meno. Kimya aliuangalia kwa muda mrefu, akifuta na kufuta macho yaliyojaa maji, mpaka Mama akatoa sauti kutoka kooni kumkumbusha kwamba ulimi unakauka.

"Basi, Mama. Nimeuona."

"Unasemaje?"

"Unasema umechoka. Umechoka tangu zamani."

"Hilo hata mimi ningekwambia bila kuutoa."

Kimya aliweka chupa ya mafuta sakafuni, bado imefungwa. Aliushika mkono wa kulia, akatafuta mapigo, akayapata.

"Unalala vipi?" aliuliza.

"Silali sana. Naisikia mashine."

"Vidole vinakufa ganzi?"

"Hivi viwili. Na gumba."

"Mkono ulianzaje? Saa nyingine unafanyaje?"

Mama akavuta pumzi, akaanza kumweleza toka mwanzo. Aliongea polepole, akirudi nyuma alipokosea, na Kimya alikaa kwenye sakafu, ameushika ule mkono mwepesi, hakumwambia atulie.